Injini Iko Nyuma

Katika familia ya Simeon Njuguna wa Mugutha kulikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyeitaka, na kama ilivyo kawaida ya kazi za namna hiyo, ilimwangukia Gathoni. Kazi yenyewe ilikuwa kumnyang'anya baba ufunguo wa gari.

Mama yake, Waceke, alimpigia simu dukani kwake huko Kimbo, anakouza mapazia, akamwambia bila kuzunguka: "Wewe ndiye mama yake. Ongea naye." Wala hakuwa anatania. Gathoni alipewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa Simeon, kama desturi yao inavyotaka kwa binti wa kwanza, na tangu azaliwe Simeon hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Maitu, yaani mama. Maitu, umekula? Maitu, nani amekuudhi? Nyanya mwenyewe alishazikwa zamani, kwa hiyo mtu pekee aliyebaki duniani wa kumkataza Simeon jambo alikuwa huyu muuza mapazia. Ubaya ni kwamba Gathoni hakuwahi kuutumia ukubwa huo hata siku moja. Kuitwa mama ni rahisi. Kumwamuru baba yako ni mambo mengine kabisa.

Lakini ilibidi. Daktari wa macho kule Thika alisema ni presha ya macho, na kwamba ilikuwa imekula pembeni kote, ikabakisha katikati tu. Simeon alikuwa anaiona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la maji. Ndani ya bomba aliona vizuri ajabu, hata nambari ya gari lililo mbali aliisoma, na ndiyo maana hakumwamini daktari. Nje ya bomba hakukuwa na kitu. Alishagonga nguzo ya geti lake mwenyewe akadai imesogezwa. Halafu juzi, karibu na soko la Thika, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliokolewa na kelele za watu. Simeon alirudi nyumbani akalala bila kula, na asubuhi akaiwasha tena pikapu yake.

Tusimwone mkaidi tu. Mzee huyu aliendesha malori ya shamba la kahawa la Ruiru mpaka akastaafu, na Jumapili, watu wazima wenzake wakiwa kanisani, yeye alikuwa kwenye mashindano ya magari ya vumbi, fundi wa timu ya watu wengine. Mara mojamoja dereva akiugua alipewa usukani, na hizo mara mojamoja ndizo alizosimulia maisha yake yote. Kumwambia mtu kama huyo asiendeshe ni kumwambia asiwe Simeon. Gathoni alilijua hilo, na lilimuuma.

Siku hizi mzee alishinda kwenye gereji ya Calvince Obiero, nyuma ya duka la Gathoni. Calvince ni mtu wa Ugenya, mnene, mcheshi, anayetengeneza magari ya wale watu wanaoendesha kwa sababu ya kuendesha tu, si kwa sababu wana mahali pa kwenda. Yeye mwenyewe alikuwa na kagari ka Kijapani ka viti viwili, injini imekaa mgongoni mwa dereva, mbele ya magurudumu ya nyuma. Simeon naye alikuwa na mapenzi ya muda mrefu na gari la Kijerumani ambalo injini yake inaning'inia nyuma kabisa, hata magurudumu yako mbele yake. Hakuwahi kuliendesha. Alilipenda tu, jinsi watu wengine wanavyompenda mtangazaji wa redio.

Juu ya jambo hilo waligombana kutwa. Wateja wengine wakisema mbona ni kitu kimoja, si injini zote mbili ziko nyuma, basi wale wawili waliacha kugombana wakamgeukia mteja. Kwao hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo. Calvince alisema mtoto hubebwa mgongoni, karibu na uti, ndiyo mama ageuke haraka bila kuyumba; hakuna mama anayembeba mtoto matakoni. Simeon alimjibu kwamba yeye amebeba viazi kwa keria ya baiskeli tangu utotoni, na mzigo ukikaa juu ya gurudumu linalosukuma, gurudumu halitelezi, unapanda mlima wowote. Calvince akasema ndiyo, na kwenye kona gunia linataka kufika kabla yako. Wakaendelea hivyo hadi chai.

Jambo moja tu liliwapatanisha: gari la Maina, mdogo wake Gathoni. Maina alijinunulia kagari ka spoti ka haibridi, injini ndogo ya petroli mbele, mota ya stima ya kuisaidia, betri chini ya buti. Wazee wale wawili walikaita pasi. Maina akiingia gerejini waliulizana kama kuna nguo za kunyoosha.

Basi Gathoni akajikaza, jioni moja baada ya kufunga duka, akamwendea baba yake pale gerejini na kumwambia yote: daktari, nguzo ya geti, mama wa sokoni. Simeon alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo lilimtisha zaidi kuliko kama angepaza sauti.

"Nipe Jumapili moja, Maitu," akasema. "Niendeshe ya katikati, niendeshe ya nyuma, niendeshe hata hiyo pasi ya Maina. Nijue ni gani ilikuwa na haki. Halafu tutaongea."

Tutaongea! Neno la wanasiasa na wenye nyumba. Lina maana nyingi, na hata moja kati ya hizo si ndiyo. Gathoni alilijua vizuri, lakini akakubali, na usiku huo akamwambia mama yake kwamba hajui kama ameshinda au amechezewa.

Calvince ndiye aliyepanga mambo. Kulikuwa na kiwanda kilichofungwa huko Thika, uwanja wake wa lami mpana na mtupu, na mwenyewe huwaruhusu wapenda magari wauchezee Jumapili. Gari la Kijerumani lilitoka kwa Becky, daktari wa meno, mteja wa Calvince, ambaye alipoelezwa habari ya mzee alisema atakuja hata kama mvua inanyesha. Gathoni aliweka masharti yake: asiwepo mtu uwanjani wakati gari linatembea, na kando ya mzee akae mtu mwenye mkono kwenye breki ya mkono. Wakapanga tairi kuukuu na mikebe mitupu ya rangi kuchora kona. Simeon alifika kwa pikapu yake, Waceke akiwa kando akimwambia kulia, kushoto, pole pole, na uso wa Waceke ulionyesha kwamba alisali njia nzima. Pikapu akaiegesha kwenye mteremko, kama kawaida, kwa sababu betri yake ilikuwa imechoka na starta ilifanya kazi ikipenda.

Alianza na la Calvince. Gathoni alisimama na Becky ukutani, mikono ameikunja, akitazama kale kagari kakizunguka mikebe. Alitegemea kuogopa. Badala yake aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona, maana akiwa mtoto hakupelekwa mashindanoni: baba yake akiendesha kweli. Hakuhangaika na usukani. Aliuzungusha kidogo tu na gari likageuka lote kwa pamoja, pua na mkia, kana kwamba amekalia msumari uliolishikilia katikati. Aliposhuka alikuwa amelowa jasho na miaka imempungua.

Akamwambia Calvince kwamba amekubali, gari ni tiifu, unawaza na limeshafanya. Lakini kule kona ya mwisho alilisukuma zaidi kidogo, na likaanza kumponyoka bila kumpa hata dalili. Calvince akakiri ni kweli, likikasirika halikuambii. Simeon akasema basi ni kama mke fulani, na Waceke, aliyekuwa akimimina chai kwenye vikombe, akamuuliza ni mke gani huyo.

Kisha la Becky. Hapo mzee hakuingia mara moja. Alilipapasa ubavuni, kuanzia mbele hadi nyuma ilipolala injini, na Gathoni akageuza uso, maana aliona kwamba mikono ilikuwa inafanya kazi ya macho. Becky akaketi kando yake. Raundi ya kwanza ilikwenda pole, pua ya gari nyepesi, inataka kwenda mbele moja kwa moja. Raundi ya pili Simeon akaigundua siri. Alifunga breki mapema, gari likiwa bado limenyooka, akageuza, kisha akakanyaga mafuta na kuyaacha yakae. Ule uzito wote wa nyuma ukakandamiza magurudumu na gari likatoka kwenye kona kwa kishindo. Calvince, mpinzani wake, alipiga makofi.

"Hii inataka imani," mzee alisema aliposhuka. "Ukishaingia kona usirudishe mguu. Ukiogopa katikati, mkia unakuja kukusalimia. Unaamua kabla, basi."

Becky alisema alichukua mwaka mzima kulijifunza hilo, na mzee amelijua kwa raundi mbili. Simeon akacheka kama mtoto. Gathoni alimtazama akicheka, akajiuliza, huyu mtu, nani atathubutu kumkataza? Kama hapo ndipo wangemalizia, nina hakika asingesema lolote, na pikapu ingerudi barabarani Jumatatu.

Lakini ilibaki pasi. Maina alimweleza baba yake mambo ya gari lake, na mzee alimsikiliza kwa heshima ya uongo: kwamba ukiondoka stima inasaidia, utahisi kama mtu anakusukuma, kwamba breki zinachaji betri, kwa hiyo zina utani kidogo mguuni, na kwamba ukisimama, ukatoa gia na kuachia klachi, injini inajizima yenyewe, haijaharibika, kanyaga klachi tena inaamka. Simeon akasema amesikia, si kiziwi. Safari hii Gathoni akasema ataingia yeye.

Wakaondoka. Lile gari lilikuwa tulivu, na stima kweli iliwasukuma, kwa upole. Mzee alikiri kwa mnong'ono kwamba si baya, ila Maina asiambiwe. Wakazunguka mikebe mara ya kwanza. Wakati wanaanza tena, mkebe mmoja wa kushoto ukaangushwa na upepo, na Becky, kwa nia njema, akasahau sharti. Alitoka ukutani akaja kuusimamisha.

Gathoni alimwona tangu anaanza kutembea. Mwanga wa alasiri ulikuwa wazi, na Becky alikuwa amevaa blauzi ya manjano. Gathoni akangoja baba yake apunguze mwendo, na baba yake hakupunguza. Alifungua mdomo apige kelele, sauti ikakataa kutoka. Kilichotoka ni pumzi tu, kama ya mtu aliyemwagiwa maji baridi. Simeon aliisikia ile pumzi. Mguu wake ukafunga breki kabla hajajua anafungia nini, na mkono wa Gathoni ukavuta breki ya mkono pamoja naye.

Gari lilisimama mbali kiasi, hakukuwa na hatari iliyobaki. Becky hata hakushtuka. Aliinua mkebe, akapita mbele ya boneti akirudi ukutani, akawapungia mkono. Alipofika katikati ya kioo, Simeon aliruka kitini.

"Ametoka wapi?"

"Alikuwa hapo tu, Baba," Gathoni akasema. "Wakati wote alikuwa hapo."

Mzee alitoa gia, akaachia klachi, na injini ikanyamaza. Uwanja mzima ulinyamaza pamoja nayo. Kule ukutani Maina alionekana akicheka na kuonyesha kwa mguu, kanyaga klachi, kanyaga klachi.

"Imezima, Maitu," Simeon akasema.

Gathoni alikuwa karibu kumjibu kwamba haijazima, imelala tu, si Maina alieleza. Akamtazama. Mikono ya baba yake haikuwa kwenye usukani. Ilikuwa imelala mapajani, viganja juu. Huyu ni mtu ambaye hata akisubiri treni ipite hakuwahi kuachia usukani. Na huyu ni dereva ambaye aliwacheka waliozimikiwa gari maisha yake yote.

"Imezima," akarudia. "Waambie wasukume."

Hapo ndipo Gathoni alipomwelewa. Katika nchi yetu gari likizima barabarani, watu husukuma. Hawaulizi kwa nini, hawaulizi wewe ni nani. Wanaacha walichobeba wanasukuma, na wewe unakaa kwenye usukani na heshima yako. Baba yake alikuwa anaomba hiyo tu. Alikuwa radhi aitwe mtu aliyezimisha pasi ya stima mbele ya watu, kuliko kusema neno lile jingine. Alimhurumia. Na akajua pia kwamba huruma peke yake ingemrudisha baba yake sokoni Thika, kwa yule mama mwenye mtoto mgongoni.

"Simeon," akasema.

Jina lilimtoka na likamshtua mwenyewe. Hakuwahi kulitamka mbele yake. Mzee akageuza kichwa chote, kama alivyolazimika kufanya siku hizi ili kumpata mtu.

"Simeon, mwana wakwa," Gathoni akasema, mtoto wangu, kwa Kikuyu, vile anavyokumbuka nyanya akisema. "Inatosha sasa. Lete ufunguo."

Simeon alimtazama kwa muda, ndani ya bomba lake, uso wa binti yake peke yake bila kitu kingine pembeni. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti akatoa ufunguo wa pikapu, ule uliofungwa kipande cha mkanda wa kiti cha gari, akauweka kwenye kiganja cha Gathoni na kuukunja mkono wake juu yake.

"Haya, Maitu," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Maina alifika dirishani, tayari kueleza tena habari ya klachi. Gathoni akatikisa kichwa. "Imezima," akamwambia. "Tusukumeni." Maina alimwangalia dada yake, akamwangalia baba yake, akauona ufunguo. Kijana ana maneno mengi lakini si mjinga. Akawapigia wengine mluzi, akazunguka nyuma, akaweka bega kwenye buti la gari ambalo alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba ni zima. Calvince akaja. Becky akaja na viatu vyake vya kanisani. Waceke akaweka kikombe chini akaja. Wakasukuma. Simeon alirudisha mikono kwenye usukani, akanyoosha mgongo, akaliongoza gari mpaka getini bila kugusa hata mkebe mmoja.

Calvince, ambaye hawezi kukaa na huzuni muda mrefu, alimdai uamuzi. Mzee akapenga kamasi kwenye leso, akasema la katikati ndilo linalotii, la nyuma ndilo atakaloota, hilo hakuna mjadala.

"Na pasi?" Maina akauliza.

Simeon alifikiri. "Hiyo inajua wakati wa kupumzika," akasema. "Haingoji kuambiwa."

Kurudi Mugutha Gathoni ndiye aliyeendesha pikapu, baba yake kando, Waceke akapanda na Maina ili awaache wawili hao. Barabara kuu yote mzee hakunyamaza. Alisikiliza injini na kumwambia abadilishe gia, amechelewa, amewahi, mbona anaonea klachi. Gathoni hakukasirika. Alitaka aendelee.

Walipoacha lami na kuingia barabara ya murram, mbuzi wa mtu wakakatiza. Gathoni akafunga breki, akasahau klachi, na pikapu ikatetemeka ikafa. Akageuza ufunguo. Starta ikalia tik, na tik tena, ikakataa.

"Imezima, Baba," akasema, na safari hii ilikuwa kweli.

Simeon alicheka, kicheko cha tumbo. Akafungua mlango. Gathoni akamwambia angoje, watapita watu, lakini mzee alishashuka. Alitembea akipapasa ubavu wa gari kwa kiganja, mlango, pembe ya kabini, sehemu ya mizigo, mpaka mwisho. Kwenye kioo Gathoni aliona kofia yake tu, na mikono miwili iliyoshika chuma.

"Weka gia ya pili," sauti ikaja. "Achilia klachi nikikuambia. Si kabla."

"Uko tayari, Baba?"

"Twende, Maitu," mzee akasema. "Injini iko nyuma."

Na pikapu ikaanza kusogea.